Kulirudisha Daftari la Tatu: shajara ya mradi, Mwanza

9 Machi 2024: Kujua kwanza kilichopotea

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa asili ya Missenyi, wilaya ya mpakani mkoani Kagera, tunaoishi Mwanza. Tunajenga upya daftari moja la ubatizo la parokia ya mpakani, lililopotea vita vya Kagera vilipoanza. Nitaandika kila hatua ikikamilika, na bei zake, ili mwenye shida kama yetu, awe wa parokia, msikiti, shule au chama cha ushirika, asilipie mara ya pili tuliyokwisha kuyalipia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa. Waliokuwa ng'ambo waliondoka na walichoweza kubeba. Parokiani, madaftari mawili ya zamani yalikuwa ndani ya sanduku la bati chumbani kwa padri, yakapakiwa pamoja na vyombo vya misa. La tatu ndilo lililokuwa likiandikwa wakati ule, kwa hiyo lilikuwa mezani ofisini. Halijaonekana tena.

Ofisi ilipofunguliwa baada ya vita, hakuna aliyejua namba ya mwisho iliyokuwa imefikiwa. Padri akaanzisha daftari la nne kwa 9001, namba aliyoamini iko mbali vya kutosha isigongane na za nyuma. Daftari la pili linaishia 6214, mwaka 1964. Hiyo ndiyo ramani yetu yote: pengo linaanza 6215 na linakomea mahali fulani kabla ya 9001.

Mfano tulioufuata ni wa mbali. Juni 30, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Ireland, ofisi ya kumbukumbu za taifa ndani ya jengo la Four Courts mjini Dublin iliteketea na karne kadhaa za nyaraka. Bahati yao, Herbert Wood alikuwa amechapisha mwaka 1919 kitabu kilichoorodhesha vilivyokuwamo. Kwa kukifuata, watafiti wa leo wamezisaka nakala zilizokuwa zimetawanyika kwenye maktaba nyingine, na Juni 2022 wakafungua hazina ya kidijitali. Hatuna orodha ya Wood. Tuna namba tu, lakini namba zinasaidia kuliko tulivyodhani, kama itakavyoonekana mbele.

Anayeuliza kwa nini tujisumbue na karatasi za kanisa, amuulize mtu aliyezaliwa mpakani miaka ya 60 anavyohangaika. Hakuzaliwa hospitali, kadi ya kliniki hana, na jina lake la ukoo lipo pande zote mbili za mpaka. Akienda kuomba cheti cha kuzaliwa cha kuchelewa au kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo ndiyo karatasi yake ya zamani kuliko zote, na parokia inamjibu kwamba daftari lake halipo.

Gharama hadi hapa: chai na karatasi za kuandikia.

14 Aprili 2024: Tangazo lililosikika vibaya

Tulianza kwa kuomba litangazwe baada ya misa, katika parokia kadhaa za Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza, kwamba waliobatizwa kwetu kati ya 1964 na 1978 walete vyeti vyao tuvipige picha. Jumapili hiyo hiyo jioni simu zikaanza kuingia. Watu walikuwa wanauliza fidia ni shilingi ngapi.

Neno "vita vya Kagera" na neno "kuandikishwa" vikitajwa pamoja, mtu wa kwetu anasikia fidia. Wazee walifika na orodha za ng'ombe walioporwa, mabati, cherehani, baiskeli. Mmoja alikuwa na daftari zima la mali alizoacha, limeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na ilikuwa vigumu kumrudisha nyumbani nalo. (Tulilipiga picha. Si kazi ya mradi huu, lakini ni kumbukumbu, na siku moja mtu atalihitaji.)

Kilichosaidia ni kuacha mimbari na kupitia jumuiya ndogondogo, nyumba kwa nyumba, tukiwa na karatasi ya nusu ukurasa ambayo mstari wake wa kwanza unasema: HAKUNA MALIPO YOYOTE. Mstari wa pili unasema cheti hakichukuliwi, kinapigwa picha mbele ya mwenyewe na kubaki kwake. Mwenye kunakili njia hii aanze hapa moja kwa moja, aachane na tangazo la jumla.

Kudurufu karatasi: 20,000. Nauli za daladala na bodaboda za wiki hizo ni zaidi ya hapo, kila mtu alijilipia.

22 Juni 2024: Picha

Hatua za kawaida nazipita: simu yenye kamera nzuri, stendi, kufuta lenzi, kuandika namba ya picha papo hapo.

Ugumu ulikuwa laminesheni. Cheti cha 1971 ambacho kimeponea kwenye mabegi ya wakimbizi na nyumba za kupanga, mwenyewe anakipenda, kwa hiyo kimepigwa laminesheni stationari, na plastiki inang'aa. Ukipiga juu kwa juu unaipata taa ya dari na kipara cha mpiga picha, huku namba ya L.B., yaani namba ya daftari la ubatizo, ikimezwa na mwako. Kuitoa plastiki usijaribu kabisa: gundi imeshikana na wino, na ukivuta, mwandiko unatoka nayo.

Suluhisho: taa mbili za LED, moja kila upande, zikimulika kwa mshazari badala ya kutoka juu, kitambaa cheusi kikiwa kimetandazwa nyuma ya simu ili plastiki isipate cha kuakisi, madirisha yafungwe. Kwa vyeti visivyo na plastiki ambavyo vimekunjamana, kioo cha fremu ya picha juu yake kinatosha.

Tatizo la pili halikuonekana hadi tulipokaa kusoma. Programu ya simu ya "kuskani" ilikuwa inageuza kila picha kuwa nyeusi na nyeupe ili isomeke vizuri. Maandishi ya wino yakatoka safi. Ya penseli yakafutika, na mihuri ya zambarau iliyofifia ikapotea kabisa. Na penseli ndiyo inayobeba mambo: padri aliyetoa cheti aliandika pembeni kwa penseli tarehe ya kipaimara au jina la kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Picha za mwanzo karibu zote zilirudiwa. Sasa tunatumia kamera ya kawaida, rangi kamili, bila uboreshaji wowote, na rula ikiwa imelazwa pembeni kuonyesha ukubwa.

Fremu ya mbao kwa fundi wa Igoma 18,000, kioo 6,000, taa mbili 14,000, kitambaa 5,000.

31 Agosti 2024: Daftari liliandika barua

Vyeti vya watu vilikuwa vikija kwa kudondoka. Hatua iliyofungua njia ni kujiuliza: daftari lilipokuwa hai, lilituma nini nje?

Jibu la kwanza liko kwenye Sheria ya Kanisa ya 1917. Kanuni ya 470 ilimtaka kila paroko, mwaka unapokwisha, apeleke makao makuu ya jimbo nakala ya madaftari yake. Sheria ya 1983 haikuendelea na sharti hilo kwa namna ile. Nakala tulizozikuta zinaishia 1968, kwa Kilatini, mwandiko mzuri. Miaka minne ya mwanzo ikawa imerudi karibu yote kwa mkupuo.

Jibu la pili liko hapa hapa Mwanza. Mtu akifunga ndoa parokia nyingine, anatakiwa alete cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni na parokia aliyobatizwa, na hicho kinabaki ndani ya faili la ndoa. Vijana wa kwetu, wakiwamo waliobatizwa wakiwa wakubwa, walikuja Mwanza kwa wingi miaka ya 70 kufanya kazi viwandani, bandarini na relini. Walioa na kuolewa huku. Kwa hiyo kabati za parokia za mjini zina vipande vya daftari letu, vimenakiliwa toka kitabu chenyewe kikiwa bado kipo: namba, tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, wazazi, msimamizi, padri.

Kupata ruhusa ndiko kulikochelewesha. Paroko mmoja alitukatalia, na alikuwa na haki: faili la ndoa lina mambo ya watu ya ndani, hata yale waliyomwambia padri kwenye mahojiano. Tulichokubaliana na wengine baadaye ni hiki. Sisi hatuligusi faili. Karani wa parokia analifungua, anatoa cheti cha ubatizo peke yake, tunakipiga picha, anakirudisha. Tunamlipa posho ya siku. Ni polepole, lakini hakuna aliyelalamika, na paroko aliyekataa mwanzo amekuja kukubali kwa utaratibu huo.

Barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wa nyumbani ilihitaji mtu kuifuata. Meli, daraja la tatu. Posho za makarani ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi huu: 340,000 hadi leo.

16 Novemba 2024: Jedwali

Tuliyoyakusanya tunayaingiza kwenye jedwali la kompyuta, na programu ya majedwali inageuza tarehe bila kumuuliza mtu. Ukiandika 3/11/1966, kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaelewa Machi 11. Ukiandika 25/11/1966 inashindwa na kuiacha kama maneno. Matokeo yake nusu ya safu ina tarehe za uongo na nusu haipangiki. Zaidi ya hapo, Excel haitambui kabisa tarehe za kabla ya 1900, jambo ambalo halitugusi sisi lakini litamgusa mwenye madaftari ya wamisionari wa mwanzo.

Tuligawa tarehe katika safu tatu, mwaka, mwezi, siku, zote zikiwa maneno, si namba. Hakuna kinachogeuka.

Majina yalichukua muda mrefu zaidi. Nakala za Kilatini zina Joannes. Cheti cha mtu huyo huyo cha 1975 kina Yohana. Kitambulisho chake cha leo kina John. Kwa majina ya Kihaya, padri mmoja anaandika Rwe-, mwingine Lwe-, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili katika maisha yake. Hatusahihishi. Safu ya kwanza ni jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na makosa yake. Safu ya pili ni umbo la kutafutia tu, ambamo kila L inawekwa R na majina ya ubatizo yana umbo moja. Anayetafuta anatumia ya pili, anayetoa ushahidi anatumia ya kwanza.

15 Februari 2025: Daftari la katekista

Tulisikia habari zake kwa mtu aliyeleta cheti: katekista wa kigango kimoja cha ng'ambo ya mto alikimbia na daftari lake la kazi, na mjane wake anaishi Nyakato, hapa Mwanza, kwa mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetumwa na serikali au na padri?"

"Hatukutumwa, mama. Sisi ni wa huko huko."

Akatuuliza kwa Kihaya ukoo na kijiji cha kila mmoja, akaridhika, akamwambia mjukuu wake avute sanduku uvunguni. Masharti yake yalikuwa mafupi: daftari halitoki nje ya mlango, na yeye ndiye atakayefungua kurasa.

Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa katani. Katekista aliandika kila mtoto na mkatekumeni (mtu mkubwa anayejiandaa kubatizwa) aliyempeleka parokiani kubatizwa: jina, baba, mama, mlima au kijiji, siku waliyokwenda. Pembeni ameweka alama ya zaka, nani ametoa, nani anadaiwa. Padri alipomaliza kubatiza, katekista alichukua namba za L.B. na kuzinakili ili vyeti vikija ajue ni vya nani. Kurasa za katikati zina doa kubwa la mafuta ya taa, na hapo wino umesambaa, lakini chini ya taa ya mshazari chapa ya kalamu kwenye karatasi inasomeka. Tulisoma mistari kadhaa kwa mkandamizo peke yake.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una watoto wanane waliobatizwa Oktoba 1, 1978, Jumapili. Wa mwisho kati yao ana namba 8637.

Padri wa 1979 aliyekisia 9001 hakuwa mbali. Sasa pengo lina mwisho, au karibu na mwisho: huenda Jumapili zilizobaki za Oktoba ziliongeza wengine wachache kutoka vigango vingine. Kwa makadirio ya kazi tunahesabu daftari la tatu lilikuwa na watu 2,430 hivi.

Mama alieleza pia kwamba walipofika Mwanza walidhani wameiacha vita nyuma. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ikalenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. "Swala wa watu ndio waliokufa," alisema, na akafunga daftari.

Gharama: sukari, mchele na sabuni, kama inavyopasa ukienda kwa mtu mzima.

10 Mei 2025: Namba isiyokaa mahali pake

Maingizo yamefika mahali ambapo yanachungana yenyewe. Padri aliandika namba kwa mfuatano, kwa hiyo kila namba yenye tarehe ni kigingi cha shamba: ukijua cha huku na cha kule, unajua cha katikati kilipaswa kusimama wapi. Cheti kilichochanika tarehe lakini kikabaki na 7412, tukiwa na 7409 na 7415 za Pasaka moja, kinapata tarehe yake bila kubahatisha sana.

Kigingi hicho hicho kinafichua. Cheti kimoja kililetwa kikiwa na namba iliyo katikati ya ubatizo wa 1972, tarehe yake inasema 1969, muhuri ni wa umbo lililoanza kutumika baada ya vita. Aliyekileta ni mtu mzima anayehitaji karatasi, na anayeijua Missenyi anajua kwa nini watu wa huko huhitaji karatasi. Pengine alitengenezewa na mtu aliyemlipa kwa nia njema. Pengine ni padri wa baadaye aliyeandika kwa kumbukumbu na kutia namba yoyote.

Wengine kikundini walitaka tukitupe. Tulikataa, na pia tulikataa kukiingiza pamoja na vingine. Ubishi huo ndio uliozaa ngazi tulizonazo sasa. Ngazi ya A ni nakala iliyotoka kwenye daftari lenyewe kabla ya Oktoba 1978. B ni maandishi ya mtu mwingine ya wakati ule ule, kama ya katekista. C ni kiapo au ushuhuda wa baada ya vita. D haijathibitika, bila hukumu.

C ni halali kanisani: kanuni ya 876 ya sheria ya 1983 inakubali tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Ila inathibitisha kwamba mtu alibatizwa. Mwaka wa kuzaliwa ndani yake mara nyingi ni wa kukadiria. Hapo tunatumia kalenda ya matukio. Mvua kubwa za 1961, zile ziwa lilipopanda likameza mashamba ya ufukweni, Uhuru, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini. Mzee akisema mwanawe alikuwa anatambaa Azimio lilipotangazwa, tunaandika alivyosema, kisha "yapata 1966" katika safu yake peke yake.

Mwenye cheti cha D tulimwonyesha faili la mwenzake wa C na jinsi ya kupata mashahidi. Amekwenda kumtafuta msimamizi wake.

23 Agosti 2025: Nakala zikae wapi

Kwa wenye kudhani mahali pamoja salama panatosha: Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walizifukia ardhini Tabora faili za serikali yao kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba ile. Baadaye Waingereza walizifukua, na zilizosalia ziko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Za Berlin, za wizara ya makoloni, zimesalia pia. Lakini za kijeshi, zilizokuwa zimetunzwa vizuri Potsdam kule kule Ujerumani, ziliungua kwa sehemu kubwa na mabomu ya Aprili 14, 1945. Ardhi ya Tabora ilihifadhi kuliko jengo la Potsdam.

Tuna diski mbili za nje, moja Mwanza, moja parokiani, na seti ya tatu iliyochapishwa kwenye karatasi na kujalidiwa, kwa sababu karatasi haihitaji umeme wala nenosiri. Mtandaoni haiwekwi. Daftari la ubatizo lina mambo kama mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na wengi wa waliotajwa wako hai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, na hata isingekuwapo tungewaona kanisani Jumapili.

Diski mbili 310,000. Kuchapisha na kujalidi 85,000.

Hali ya sasa: ngazi A na B pamoja zinafunika zaidi kidogo ya nusu ya namba kati ya 6215 na 8637. Pengo kubwa ni 1973 hadi 1975, ambapo nakala za jimbo zilikwisha kukoma na waliobatizwa walikuwa bado watoto wasiofunga ndoa kabla ya vita. Hao tunawatafuta kwenye madaftari ya shule za msingi, ambako waliandikishwa kuanzia 1980 kwa cheti kama walikuwa nacho. Walimu wakuu wawili wamekubali. Kazi inaanza likizo ya Desemba, na anayejua aliko katekista yeyote wa vigango vya Minziro na Kakunyu wa miaka hiyo, au mtoto wake, aje Nyakato Jumamosi yoyote jioni.